Siku ya Kupimwa kwa Léoncie

Kila asubuhi, nyumbani kwa akina Léoncie, mtaa wa Ndosho, mama yao alichemsha maziwa na kuyagawa katika vikombe. Jumamosi hiyo kikombe cha Léoncie kilikaa mezani bila kuguswa. Binti huyo alikunywa chai isiyo na maziwa, macho yake chini. Mdogo wake Bénédicte, msichana wa miaka kumi na mitatu, alielewa mara moja. Wao walikuwa watu wa Masisi, wafugaji, na bibi yao alikuwa amewafundisha kwamba mwanamke aliye katika hedhi hanywi maziwa wala hakaribii ng'ombe, asije akawaletea mkosi. Mama yao hakuwahi kulihoji jambo hilo. Nani angethubutu kubishana na bibi?

Balaa ni kwamba siku hiyo hiyo Léoncie alitakiwa kwenda kupimwa afya. Papa Twagirimana, mwenye karakana ya kutengeneza jibini kule Himbi, alikuwa amemwahidi kazi, mradi alete cheti cha afya kabla ya Jumatatu. Asipokileta, nafasi ingekwenda kwa mwingine. Mama yao alikuwa ameiombea kazi hiyo kwa sauti kubwa hata majirani wote wakajua habari zake.

Bénédicte alimsindikiza dada yake hadi kituo cha afya, wakikanyaga mawe meusi ya volkano. Moyo wake haukutulia, kwa maana yeye pia alikuwa na siri. Choo cha shuleni kwao kilikuwa kichafu, basi alikuwa akijibana mpaka arudi nyumbani, na maji alikuwa hayanywi kabisa. Sasa kila akienda haja ndogo ilimwasha kama pilipili. Aliona aibu kumwambia mtu.

Mama Aziza, muuguzi wa hapo, alimpima Léoncie uzito, akamtoa damu kidogo kidoleni, kisha akampa kikopo.

"Enda kwa choo, mutoto wangu. Uniletee mukojo kidogo."

Léoncie alimvuta mdogo wake hadi nyuma ya choo.

"Béné, unisaidie. Unijazie hiki kikopo."

"Mimi? Juu ya nini, yaya?" Bénédicte alimuuliza dada yake.

"Nikiweka yangu, bataona damu. Papa Twagirimana naye ni mutu wa Masisi. Akijua niko mu siku zangu, ataniacha niguse maziwa yake?"

Bénédicte alitaka kusema kwamba mkojo wake mwenyewe haukuwa salama. Lakini dada yake alikuwa karibu kulia, na angemnyimaje? Aliingia chooni, akauma meno, akajaza kikopo.

Walikaa kwenye benchi kusubiri. Mama Aziza aliporudi, uso wake haukuwa na tabasamu.

"Léoncie, uko na infeksio mu njia ya mukojo. Haikuwaki ukikojoa?"

"Hapana, Mama. Sisikii kitu."

"Ajabu hii! Basi utakunywa dawa kwanza, njo tukupime tena. Cheti, leo siwezi kukupa."

Muuguzi alifungua kabati la dawa, naye Bénédicte akamtazama. Dada yake alikuwa karibu kumeza dawa za ugonjwa usio wake, na kazi ilikuwa inamponyoka, huku yeye amefunga mdomo! Alisimama.

"Mama Aziza, ule mukojo si wake. Ni wangu. Mimi njo inaniwaka."

Léoncie alijifunika uso. Kisha, kwa sauti ya chini, akaeleza yote: hedhi, maziwa, na hofu ya kufukuzwa kabla hajaanza.

Mama Aziza alikuwa na kila sababu ya kufoka, lakini hakufoka. Alifunga kabati na kuketi kati yao.

"Nyinyi batoto! Ungeniambia tu, 'Mama, niko mu siku zangu.' Ningekujibu: mukojo tutapima siku zikiisha, ingine yote tufanye leo. Hedhi si ugonjwa. Banamuke benyi banakuja hapa vile, sijafukuza hata mumoja. Lakini ukinidanganya, nitatibu mutu muzima na kuacha mugonjwa anaumia."

Alimpigia Papa Twagirimana simu. Bila kutaja sababu, alimwambia kwamba kipimo kimoja kitakamilika juma lijalo. Mzee huyo alikubali kungoja. Kisha Mama Aziza akampima Bénédicte kwa jina lake mwenyewe, akampa dawa na kumwagiza anywe maji ya kutosha, wala asijibane tena. Kuhusu choo cha shule, aliahidi kwenda kuzungumza na mkurugenzi.

Jioni wasichana walimsimulia mama yao kila kitu. Alisikiliza tu, akaendelea kukoroga sufuria yake.

Bénédicte alipona. Léoncie alipata cheti na kuanza kazi. Mwezi uliofuata, asubuhi moja, alinyoosha mkono kuchukua chai isiyo na maziwa. Mama yake aliusogeza mkono huo pembeni na kumwekea kikombe cha maziwa ya moto.

"Unashinda mu maziwa kila siku, na hatujasikia hata ng'ombe moja imekufa. Kunywa, mwana wangu. Na kuanzia leo, mubiri ukiwasumbua ao ukiwatisha, muniambie, na muganga wa kituo cha afya mumwambie kweli. Nilinyamaza sana, njo maana na nyinyi mulijua tu kuficha. Bibi yenu, nitabishana naye mimi."

Léoncie alitazama kikombe, akamtazama mdogo wake, kisha akanywa maziwa yote.