Ushuru wa Barabara ya Soko

Kipriani alikuwa dereva wa lori mjini Kasulu. Asubuhi alikunywa uji na mkewe, Esteri, kisha akawasha gari. Alipeleka maharage Kibondo.

Mwaka 1996 mji ulijaa magari. Yalikuwapo malori ya wafanyabiashara, na malori ya misaada yaliyokwenda kwenye kambi za wakimbizi. Yote yalipita barabara moja nyembamba, ya soko.

Siku moja ya soko magari yalikwama. Kipriani alikuwa katikati. Hakuweza kwenda mbele wala kurudi nyuma. Mara akasikia mtu akilia. Nyuma yake ilisimama pikapu kutoka Kitanga. Ndani alilala Niyonsaba, mdogo wake Esteri. Alikuwa na uchungu wa kuzaa.

"Shemeji, sogeza gari!" Niyonsaba alimlilia.

"Nisogeze wapi, shemeji?"

Kipriani na wanaume wengine walimbeba mikononi, wakipenya kati ya malori. Hospitalini Niyonsaba alipona. Mtoto alikuwa ameshafariki.

Walimzika kesho yake. Kaburi lilikuwa fupi kama sanduku la sabuni. Esteri hakumlaumu mumewe. Ila chakula alikiweka mezani, akaondoka.

Baadaye halmashauri iliitisha mkutano. Ilitaka kutoza ushuru kila gari litakaloingia barabara ya soko mchana. Madereva walipiga kelele. Kipriani naye alisimama.

"Mnatunyonya! Mafuta yenyewe ghali!"

Bi Shamsia, mwenye duka la vitenge, alikuwa katika kamati ya soko. Alimngoja amalize.

"Pole kwa msiba, baba. Siku ile ulikuwa na mzigo wa kushusha sokoni?"

"Hapana. Nilikuwa napita tu."

"Mbona hukupita barabara ya nje ya mji?"

"Ina mashimo. Ya soko ni fupi, tena bure."

"Na wenzako wote waliwaza hivyo hivyo. Kwa kuwa ni bure, tumeijaza. Kila gari linaloingia linachelewesha mengine. Ukilipa, utajiuliza kwanza: nina kazi sokoni, au napita tu? Anayepita atazunguka. Mwenye mzigo atalipa, au atashusha jioni, bure."

"Na wagonjwa?" Kipriani aliuliza.

"Gari lenye mgonjwa halilipi. Baiskeli pia."

Esteri aliinuka kutoka nyuma. "Na hizo hela? Zisije zikaliwa na wakubwa."

"Zitanunua kifusi cha barabara ya nje, mama. Hesabu itasomwa hapa, mbele yenu. Isiposomwa, njooni muulize kwa sauti."

Kipriani alitazama mikono yake.

"Mimi nakubali," alisema. "Laiti ungekuwapo mapema."

Kizuizi kikawekwa. Wengine waligombana na mtoza ushuru. Kipriani alizunguka nje, na mwanzoni mashimo yalimtesa. Esteri hakukosa mkutano hata mmoja wa kusoma hesabu. Kifusi kikamwagwa, mashimo yakafukiwa. Njia ile ilikuwa ndefu, lakini Kipriani alifika Kibondo mapema kuliko zamani.

Siku moja alikuwa na saruji ya kushusha sokoni. Alilipa ushuru, akaingia. Akiwa anafungua turubai, gari la hospitali lilikuja kwa kasi. Magari machache yaliyokuwapo yalisogea pembeni. Lilipita bila kusimama.

Kipriani hakujua nani alikuwa ndani. Alivua kofia, akasimama mpaka mlio wa gari ulipopotea.