Kadi Safi ya Fundi Cherehani

Mume wangu ni fundi cherehani, na kwa ubishi hana mpinzani. Ana presha, huu mwaka wa nne. Kliniki humsifu kila mwezi kwa sababu kadi yake ni safi. Siri niliijua mimi: alikuwa akimeza dawa siku mbili tu kabla ya kliniki, ili muuguzi asimgombeze.

"Mama watoto, kwani naumwa? Nimeze za nini?"

Nami nikanyamaza. Hapo nilikosea.

Asubuhi moja mwanamke mwenye mkoba alipiga hodi dukani kwetu. Alikuwa daktari bingwa wa moyo. Alikuwa anafanya utafiti wa presha, akiwapima wagonjwa wa kliniki majumbani na makazini bila kuwapa taarifa.

"Karibu, daktari, ila utapoteza muda," mume wangu alicheka. "Kadi yangu hiyo hapo."

Daktari alimkalisha dakika tano, miguu chini, mkono mezani, bila kusema neno. Kwa mume wangu hiyo ni adhabu! Akampima mara mbili. Ilikuwa 190 kwa 112.

"Mashine mbovu hiyo!"

"Nipime na mimi," nikasema. Yangu ilikuwa nzuri. Basi nikashindwa kuvumilia, nikamweleza daktari yote.

"Haa! Unaniaibisha mbele ya mgeni?" mume wangu akafoka.

Daktari hakumgombeza. Alivuta kigoda, akakaa.

"Fundi, mimi nilisomea udaktari. Nikarudi darasani kusomea magonjwa ya ndani, kisha nikasomea moyo peke yake. Jumla miaka kumi na minne. Lakini utafiti huu sikuutoa kitabuni. Baba yangu alikuwa akifanya kama wewe. Kadi yake ilikuwa safi mpaka siku alipopooza. Na mimi, bintiye, daktari, ndiye niliyekuwa naisifu kadi ile."

Nilimtazama mume wangu, nikamwona kitandani, mkono wa mkasi umekufa. Niliogopa sana.

"Lakini mbona sisikii maumivu?" aliuliza, sasa kwa upole.

"Presha mara nyingi haiumi. Inachakaza moyo, figo na mishipa ya ubongo kimyakimya. Dawa ya leo ni ya leo, kesho inataka yake. Chumvi nayo ipunguzeni."

Siku ileile alituandikia barua, tukaenda kliniki kusema ukweli. Kuanzia hapo, kila asubuhi nilisimama mbele yake na kikombe cha maji mpaka ameze. Aliniita askari magereza. Sikujali.

Baada ya miezi mitatu daktari alirudi, tena bila taarifa. Akapima. 128 kwa 80!

"Nimepona? Niache dawa?"

"Hapana. Vidonge ndivyo vinavyoishikilia presha. Ukiacha, inapanda tena. Utazeeka navyo, fundi."

Mume wangu alinigeukia, anacheka meno yote nje.

"Mama watoto, umesikia? Daktari kasema nitazeeka!"

Nikalia palepale, mbele ya wateja, bila haya.