Mshale Ulioonyesha Hewa

Gibson aliruka kitanda cha kwanza, akaangusha stuli mbili, akapotea katikati ya masofa.

Talha Kondo alimfuata mbio.

Saa nne kasoro robo asubuhi, Keko. Mafundi seremala walikuwa wamepanga bidhaa zao mpaka ukingoni mwa barabara. Vitanda vya mninga, makabati, meza ambazo hazijapigwa vanishi. Misumeno ilinyamaza ghafla.

"Mwizi!" mtu akapaza sauti.

"Si mwizi!" Talha akajibu huku akihema. "Msimguse! Namtaka mzima!"

Alikuwa na miaka arobaini na saba. Magoti yake yalizidi hapo. Kwa siku tatu hakuwa amelala kitandani, na sasa alikuwa akiruka vitanda vya watu.

Gibson aligeuka kutazama nyuma. Ndilo lililomponza. Mguu ulikanyaga maranda, ukateleza, akaenda chini kifudifudi. Talha akamkalia mgongoni. Hakufanya hivyo kwa ufundi. Alikuwa hana tena nguvu ya kusimama.

Alimpapasa mifukoni. Hakuna silaha. Mfuko wa shati ulikuwa na disketi moja nyeusi, imefungwa kwa karatasi ya nailoni.

"Nani kakupa?"

"Bosi. Bwana Stroud."

"Uipeleke wapi?"

"Niivunje, nikaitupe baharini. Nikaona bora nikae nayo, braza. Nikiwa nayo hawawezi kunimaliza kirahisi."

"Ina nini ndani?"

"Haki ya Mungu sijui. Mie fundi nyaya tu. Ila aliniambia leo saa nane mchana nisionekane bohari." Gibson alitema maranda. "Wala popote Temeke."



Stroud alikuwa mtaalamu wa kigeni aliyefunga kompyuta katika bohari moja ya mafuta kule Kurasini. Mwaka huo wa 1995 milango ya nchi ilikuwa wazi, na kila ndege ilishusha wataalamu. Idara ya usalama, mwajiri wa Talha, ilikuwa ikimfuatilia mwezi mzima. Mara nne alikutana Boko, katika nyumba ya pazia zito, na watu waliotamani mafuta ya nchi jirani yapitie bandari nyingine, si Dar es Salaam. Walichopanga hakikujulikana. Kilichojulikana ni kwamba leo saa nane meli ingeanza kushusha petroli.

Talha alitoa redio yake ya Motorola, akamwita mkuu wake kwa jina la siri.

"Nanga, hapa Kasia. Ova."

"Sema, Kasia."

"Zuia meli isishushe."



"Kwa ushahidi gani?"

"Nina disketi."

"Ina nini?"

"Bado sijui."

"Kasia, nchi ina petroli ya siku nne. Nikizuia meli kwa kitu usichokijua, kesho mimi na wewe tunafuga bata. Niletee ushahidi. Ova."

Talha alimwinamia Gibson. "Nani anaweza kuisoma hii?"

"Injinia Kokushubila. Bosi alimfukuza mwezi jana. Yuko Goba, anafuga kuku."

Mwenzake Talha alikuwa ameegesha Land Rover ng'ambo ya barabara. Akamchukua Gibson.

Talha akawasha Peugeot 504 yake.

* * *

Goba ilikuwa vilima, mikorosho na misingi ya nyumba iliyosubiri wenyewe. Saa tano na robo Talha alimkuta mama wa makamo, amevaa buti za mpira, ameshika ndoo ya pumba.

"Injinia Kokushubila? Samahani kwa usumbufu. Naitwa Talha. Natoka serikalini."

"Serikalini wapi?"

"Ofisi isiyo na kibao."

Aliiweka ndoo chini. Talha akamwonyesha disketi, akamweleza maneno ya Gibson bila kuyapamba.

Kokushubila hakuuliza mara mbili. Aliingia ndani akatoka na kompyuta ya Toshiba ya kupakata. "Ya kazini. Hawajaja kuichukua." Umeme haukuwa umefika Goba. Aliiunga kwenye betri ya lori kwa kifaa alichokitengeneza mwenyewe, akaingiza disketi, wakakaa kibarazani kusubiri ikikwaruza.

Kioo kikajaa masanduku madogo yaliyofungamanishwa kwa nyaya za rangi.

"Programu hii ya bohari haiandikwi," Kokushubila alisema. "Inachorwa. Kila sanduku ni kazi, kila waya ni njia ya habari. Hili linapima tangi. Hili linapiga honi. Hili linafunga vali, koki ya bomba."

"Na hii?"

Pembeni mwa masanduku palikuwa na picha. Chungu. Jogoo. Kufuli. Na maneno ya Kiswahili katika vijisanduku vya njano: *Chungu kikifika robo tatu, jogoo awike. Kikikaribia kujaa, kufuli ijifunge yenyewe.*

Kwa mara ya kwanza Kokushubila alitabasamu. "Hiyo ni mikono yangu. Kompyuta haioni picha hizo, wala hazibadilishi kitu. Ni za binadamu. Mzee Mwinshehe kule kwenye vali hajui Kiingereza, lakini ana miaka thelathini na mafuta. Nilimchorea ajue mashine inawaza nini. Stroud akasema nachafua programu."

Akasogeza uso karibu na kioo.

"Mungu wangu."

"Nini?"

"Tazama mshale huu."

Mshale mwekundu ulitoka kwenye maneno ya kufuli, ukashuka, ukaishia mahali peupe. Hapakuwa na kitu.

"Niliuchora mimi. Ulikuwa unaonyesha sanduku linalofunga vali ya tangi namba nne. Sasa unaonyesha hewa."

Vidole vyake vikakimbia. "Ameling'oa. Waya wa jogoo kaukata. Na kipimo…" Sauti ikashuka. "Kipimo amekiambia kikifika nusu kisizidi hapo. Tangi litajaa, litamwagika, na kioo kitasema nusu."

"Kwa nini hakufuta na picha zako?"

"Angefuta, Mzee Mwinshehe angeuliza. Anazitazama kila asubuhi. Stroud aliziacha ili watu watulie. Maneno hakujisumbua kuyasoma, na mshale aliuona pambo."

Talha alisimama. "Petroli ikimwagika?"

"Nyuma ya ukuta wa bohari kuna nyumba za watu, ndugu yangu. Kila uwanja una jiko la mkaa, na ni saa za kupika. Mvuke wa petroli unatambaa chini kama maji." Alimtazama. "Hahitaji bomu."

Redio haikushika. Vilima.

"Panda gari," Talha alisema.

* * *

Redio ilizinduka walipofika Mwenge.

"Nanga, Kasia! Ushahidi ninao. Zuia meli!"

"Umechelewa. Wameiwahisha. Inashusha tangu saa nne na nusu."

Talha alitazama Casio mkononi. Saa sita na dakika tano.

"Pigeni simu bohari!"

"Tunapiga. Haipokelewi, wala meli haijibu redio. Kasia, fanya unachoweza."

Miaka ishirini na miwili kazini, na amri ilikuwa ileile. Fanya unachoweza. Alikanyaga mafuta.

Saa saba kasoro dakika tano walifika langoni. Pajero nyeupe ilikuwa inatoka.

Talha akaibamiza Peugeot ubavuni mwake.

Vioo vilimwagika. Kokushubila alikuwa ameshashuka, buti zake za mpira zikipiga lami kuelekea kwenye matangi. Talha akatoka na bastola mkononi, ile Makarov yake ya tangu vita vya Kagera.

Ndipo harufu ikampata.

Petroli. Nzito, tamu, inayokaba koo.

Cheche moja ingetosha. Aliirudisha bastola kiunoni taratibu, akainama, akaokota spana ya magurudumu iliyochomoka garini kwa kishindo.

Stroud alishuka Pajero, damu ikimtiririka kwenye paji la uso. Yeye alikuwa na bastola, na aliielekeza kifuani mwa Talha.

"Rafiki, niache nipite," alisema kwa Kiswahili cha kitabuni. "Nachelewa ndege."

"Piga," Talha alisema kwa sauti ya mtu aliyechoka. "Vuta hewa kwanza, halafu upige. Tutakwenda wote."

Stroud alivuta hewa. Macho yake yakabadilika.

Kidole kikasita. Talha hakusita. Spana ilitua kwenye kifundo cha mkono, bastola ikaanguka mchangani, na pigo la pili likamkalisha Stroud chini. Walinzi wa lango walifika mbio, Talha akawatupia pingu.

"Mfungeni. Asiwashe mtu gari wala sigara!"

Huko ndani Kokushubila alikuwa amemfikia Mzee Mwinshehe.

"Shikamoo mzee! Kufuli! Ifunge kwa mkono!"

"Kioo kinasema nusu, mwanangu."

"Kioo kinadanganya! Jogoo kakatwa koo!"

Mzee hakuhitaji maelezo mengine. Waliliparamia gurudumu la vali wote wawili. Lilikuwa limekakamaa kwa kutu. Mzee alisema bismillahi, yule mama akaning'inia kwa uzito wake wote, nalo likalia, likaanza kuzunguka.

Talha hakuwa na la kuwasaidia. Alikimbilia nyuma ya ukuta, kwenye vichochoro.

"Zimeni majiko! Petroli inamwagika! Zimeni!"

Baadhi walizima. Mama mmoja mnene, Bi Zubeda, alisimama mbele ya sufuria na mwiko mkononi.

"We baba una wazimu? Maharage yangu hayajaiva!"

Talha alinyakua ndoo ya maji ya kufulia akaimwaga kwenye jiko la mkaa. Moshi na majivu vikapanda. Akaenda la pili. Akaenda la tatu. Wanawake walipoinusa ile hewa wenyewe walitangulia mbele yake wakipiga mayowe, uwanja hadi uwanja, mpaka mtaa mzima ukazima.

Alisimama, ameshika magoti, akisubiri mlipuko.

Redio ikakwaruza.

"Kasia, hapa Nanga. Melini wanasema presha imepanda, wamezima pampu. Bohari wanasema vali imefungwa. Upo?"

"Nipo."

* * *

Saa kumi zimamoto walikuwa wamefunika mafuta yote kwa povu. Stroud alikuwa ndani ya gari lisilo na namba. Nyumba ya Boko ilikuwa imezingirwa.

Katika chumba cha mitambo Kokushubila alikuwa amekaa mbele ya kompyuta na buti zake zilezile, analirudisha sanduku mahali pake. Mzee Mwinshehe alivuta kiti.

"Mwanangu, na mimi nichoree pale," alisema akionyesha kwa kidole. "Mzee ameshika gurudumu. Akija mwingine ajue kuna mtu hapa."

Kokushubila akaanza kumchora.

Talha alifunga mlango polepole. Redio ilimwita, akaizima. Peugeot ilikuwa chuma chakavu, hivyo akashika njia kwa miguu, koti begani.

"We baba!" Bi Zubeda alikuwa mlangoni, sufuria kiunoni. "Na maharage yangu?"

Talha alinusa hewa. Akatazama saa.

"Saa moja usiku washa, mama. Si kabla."

Akaendelea na safari yake.