Mstari wa Chaki Mgongoni mwa Ndama

Kila asubuhi kabla ya shule, Chiriku aliwatoa ndama zizini na kuwapeleka malishoni, huku akiwasimulia habari zote za nyumbani kwao, za kweli na zilizotiwa chumvi. Ndiyo maana aliitwa Chiriku. Jina lake la shuleni hata mwalimu alilisahau. Msikilizaji wake mkuu alikuwa ndama mdogo kuliko wote, aliyeitwa Bibi Harusi kwa kuwa alitembea pole pole, kichwa chini, kama anayewaonea haya wakwe.

Lakini asubuhi moja Bibi Harusi hakuinuka. Chini ya taya palikuwa pamevimba kama kifuko cha maji, na mkia wote ulikuwa umechafuka kwa kuhara. Chiriku alimfunua kope. Ndani, mahali pa wekundu, palikuwa peupe kama karatasi.

Binamu yake, Mapengo, alifika na ndoo ya maji, akatazama, akaiweka chini.

"Ni ile dawa," alinong'ona.

"Nyamaza!"

"Mimi ndiyo ninyamaze? Nani aliyechora chaki?"

Mambo yalikuwa hivi. Mvua zilipoanza, baba aliwanywesha ndama wote dawa ya minyoo. Majani mabichi ya bondeni huwa na minyoo wengi, na miili ya ndama haijajua kupambana nao kama ya ng'ombe wakubwa. Kila aliyekunywa alichorwa mstari wa chaki mgongoni, asije akanyweshwa tena. Alipobaki Bibi Harusi, ng'ombe mmoja alinasa kwenye uzio. Baba akamwachia Chiriku chupa, akakimbia. Mapengo akamshika ndama masikio, Chiriku akamwingiza mdomo wa chupa kinywani. Ndama akatikisa kichwa mara moja tu, dawa yote ikanywewa na ardhi. Kama ardhi ile ilikuwa na minyoo, basi ilipona siku hiyohiyo. Chiriku akaogopa kugombezwa. Akachukua chaki, akachora mstari.

Sasa baba alikuwa amemwita daktari wa mifugo, mwanamke ambaye watoto walimwita Mama Sindano. Hata mbwa wa jirani walipomwona walikumbuka wana shughuli kwingine. Alimkagua Bibi Harusi, akanyanyua uso.

"Baba Chiriku, huyu ana minyoo, tena wanamnyonya damu. Alipewa dawa kweli?"

"Alipewa, daktari. Mimi mwenyewe niliona alama mgongoni."

"Ajabu. Mbona wenzake wamenawiri?" Daktari alikuna kidevu. "Kama alikunywa na bado yuko hivi, basi dawa ile haiwawezi tena minyoo wa shamba hili. Itabidi nimchome nyingine, kali. Kwa ndama mwenye nguvu si neno. Kwa huyu, kusema kweli, anaweza asiione jioni."

"Hakuna njia nyingine?"

"Asingekuwa amekunywa, ningempa ileile ya chupa. Ile ni laini mwilini. Lakini kama amekunywa, nitakuwa nampotezea muda wake wa mwisho."

Sindano ikaanza kuvuta dawa. Chiriku aliitazama ikijaa. Akisema, baba atamfanya nini? Asiposema, Bibi Harusi atakufa! Mapengo alimkanyaga mguu, isijulikane kama ni kumsukuma au kumzuia. Chiriku, aliyeweza kuongea na nguzo ya zizi mpaka ikachoka, alifungua kinywa na sauti ikagoma.

Daktari aliinama, akaishika ngozi ya shingo ya ndama.

"Hakunywa!" Chiriku alipiga kelele hadi kuku wakatawanyika. "Niliimwaga, baba! Chaki nilichora mimi!"

Baba aliutazama mgongo wa ndama, kisha akamtazama Chiriku.

"Nilishika masikio," Mapengo akaongeza kwa unyonge, maana naye alikuwa na roho.

Daktari aliweka sindano pembeni. Akazungusha utepe kifuani mwa ndama ili ajue uzito wake, akapima dawa ya chupa, akamkabidhi Chiriku.

"Mimi? Naogopa."

"Ogopa, lakini mimina. Pembeni mwa mdomo, pole pole. Kichwa usikiinue sana, isije ikaenda mapafuni."

Chiriku alimimina kidogo kidogo, na Bibi Harusi akameza yote. Daktari akamwagiza baba awahamishie ndama kwenye mteremko mkavu, na Bibi Harusi apewe majani mazuri na maji papo hapo alipo.

Siku zilizofuata Chiriku aliingia zizini akiwa amefumba macho, akaogopa kuyafumbua. Uvimbe ulipungua taratibu mno. Kisha asubuhi moja, kabla hajafumbua, alihisi kitu kikivuta sketi yake. Bibi Harusi alikuwa amesimama, anaitafuna.

Chiriku alicheka, akalia, akacheka tena. Baba alikuwa mlangoni.

"Mwanangu, kumwaga dawa si kosa. Hata mimi nimewahi kuimwaga, ikaniingia kwenye kiatu. Kosa ni ule mstari. Ndama hawezi kumwambia daktari alichokunywa. Ulimi wake ni sisi. Ulimi huo ukidanganya, hata daktari hodari atamuua mgonjwa kwa nia njema."

"Nimesikia, baba. Sirudii."

"Vizuri. Sasa mnyang'anye hiyo sketi, uwahi shule."