Pedi za Kabatini

Saa moja asubuhi, Jumamosi moja ya Juni 1988, rimu ya gurudumu la mbele la gari la Machage ilikuwa na vumbi jeusi lenye chembe zinazong'aa. Mkewe Marieta aliliona alipokuwa akiosha gari hilo uani kwao, Iringo, mjini Musoma. Upande wa pili binti yao Boke alikuwa akifuta kioo kwa gazeti, huku akiimba wimbo wa misa. Alikuwa amepata kipaimara Nyegina wiki iliyotangulia, na siku hiyo baba yake angempeleka Butiama akabarikiwe na bibi yake. Gauni lake jeupe lilikuwa limetandazwa kwenye kiti cha mbele lisije likakunjika.

Marieta alipangusa rimu kwa kidole, akakitazama kidole juani. Alikuwa mwalimu wa sayansi, na hakuwa na mazoea ya kuogopa kitu kabla hajakichunguza. Vumbi jeusi hutoka kwenye pedi ya breki inayolika. Hilo ni la kawaida. Chembe zinazong'aa ni chuma. Maana yake pedi imekwisha, na kibati chake sasa kinasaga diski.

"Baba Boke! Njoo uone."

Machage alitokea na mswaki mdomoni. "Hiyo inaliaga tu asubuhi. Ikipata moto inanyamaza."

"Sijasema inalia. Nimesema njoo uone."

Ndugu msomaji, usimdhanie Machage mjinga wala bahili. Gari hilo alilipata kwa mkandarasi aliyekuwa akihama nchi: gari la michezo, jekundu, la milango miwili, lililolala chini kama kobe. Alilipenda kwa mwendo wake, na alikuwa na tabia ya kulikimbiza mpaka karibu na kona ndipo akanyage breki. Kwa uendeshaji huo, pedi za mbele hazidumu. Za kwanza zilipokwisha, alibandikiwa gereji vipande vya lainingi, ule utando unaoshika kwenye breki za lori. Baadaye mdogo wake Felisian, dereva wa masafa ya Nairobi, akamletea pedi zenyewe, mpya, ndani ya boksi lake. Machage alimshukuru sana, kisha akaliweka boksi kabatini na kufunga kwa ufunguo.

Hapo ndipo ulipokuwa ugonjwa wa nyumba ile. Katika miaka ya foleni Machage alijifunza jambo moja: ukipata, ficha. Sabuni, sukari, betri za redio, vyote viliingia kabatini, na wakati jirani zake walipokuwa wakikosa hata chumvi, kabati hilo liliilisha nyumba yake. Hilo ni kweli na si la kucheka. Lakini foleni zilikwisha, maduka ya Iringo yakajaa bidhaa, na kabati likabaki limefungwa. Watoto waliogea vipande vya sabuni vyembamba kama jani, huku miche mizima ikikauka ndani. Shuka mpya ziliota madoa. Ufunguo ulikaa shingoni mwa Machage pamoja na rozari.

"Pedi alizoleta Felisian ziko wapi?" Marieta aliuliza.

"Zipo."

"Zipo wapi?"

"Kabatini. Hizo ni za siku mbaya, Mama Boke."

"Siku mbaya ikija itabisha hodi?"

Machage alicheka. "Wewe wakati ule ulikuwaga wapi? Si ulikuwa unakula kutoka kabati hilo hilo?"

"Nilikula, na nashukuru. Sukari ilitufaa kwa sababu ililiwa. Toa pedi. La sivyo Boke hapandi."

Machage aliona mkewe hatanii. Alikwenda ndani, akafungua kabati. Harufu ilimtangulia. Dumu la mafuta ya taa lililowekwa rafu ya juu tangu miaka ile ya shida lilikuwa limepasuka ufa mwembamba, na mafuta yalikuwa yamechuruzika taratibu mpaka ndani ya boksi la pedi. Boksi lilimeguka mkononi mwake kama mkate uliolowa chai.

Keraryo, fundi mwenye gereji ng'ambo ya barabara, aliitwa. Alizinusa pedi, akazisugua kwa kucha.

"Hizi zimekunywa. Kazi ya pedi ni kushika, hizi zitateleza."

"Tuzichome moto mafuta yatoke," alisema Machage.

"Ya juu yatatoka, ya ndani yatabaki. Breki zikipata joto yanapanda tena. Mkono wangu hauingii hapo, mzee."

"Basi nibandikie kama mwaka jana."

"Mwaka jana nilikwambia, za kubandika ni za pikapu ya kubebea dagaa, inajiendea polepole. Hili ukilikimbiza, gundi inaachia. Gari lilale, Felisian akuletee nyingine."

"Mura, kijana wewe, umekuwa padre? Unanihubiria uani kwangu?"

"Padre anaitwa baadaye," Keraryo alijibu, akaenda zake.

Machage alisimama akilitazama gari. Alikuwa ametuma habari Butiama kwamba atafika nalo. Ndugu zake walikuwa wanamngoja. "Nitakwenda polepole," alisema. "Nitatumia gia."

Marieta hakubishana naye tena. Alifungua mlango, akatoa gauni jeupe kwenye kiti cha mbele, akalikunja. "Tupande basi sote watatu."

"Mimi mwenye gari nishuke kwenye basi? Watu wa Butiama watasema nini?"

"Watasema umefika."

Boke alianza kulia. "Mama, nilishamwambia bibi nitashuka kwenye gari jekundu."

"Utashuka kwenye basi la bluu. Bibi yako hakujui kwa rangi ya gari."

Marieta alimshika mkono mwanawe wakaelekea stendi. Nyuma yao injini iliwaka, na gari likawapita likipiga honi.

Basi liliondoka likiwa limechelewa. Lilipovuka Makutano na kushika njia ya Butiama lilisimama kwenye mteremko, kwa sababu ng'ombe walikuwa wametapakaa barabarani. Kando ya barabara, kwenye jiwe kubwa, lilikuwepo gari jekundu.

"Nilisikia chuma kinasaga kama mashine ya unga," mwenye ng'ombe, mzee Masatu, alikuwa akiwaeleza watu. "Nikajua huyu hasimami. Alikanyaga, alikanyaga, halafu akawakwepa ng'ombe wangu akaenda kwenye jiwe."

Ubavu wa kushoto ulikuwa umebonyea wote. Kiti cha abiria kilikuwa kimesukumwa mpaka kwenye gia. Machage alikuwa ameketi chini, mkono wake mmoja umevunjika, akili haijatulia. Alikuwa akipiga kelele.

"Mtoeni Boke! Boke yumo humo!"

Boke alishuka kwenye basi akikimbia, gauni mkononi likiburuta vumbini. "Niko hapa, baba."

Machage alimtazama mwanawe. Kisha alikitazama kiti.

FUNZO

Wahenga walisema akiba haiozi. Hawakuona dumu lililopasuka juu yake. Jamii yetu ilitoka katika shida ikiwa na desturi nzuri ya kuweka, lakini tukasahau nusu ya pili ya desturi hiyo, nayo ni kutoa. Akiba ni kitu kinachongoja kazi yake. Kazi ikifika na kitu kikabaki kabatini, hiyo si akiba tena. Ni uchafu wenye kufuli. Pedi ya breki imetengenezwa ili ilike, isije ikalika roho ya mtu badala yake. Na ninyi mnaoona aibu kushuka kwenye basi, kumbukeni kwamba aibu hiyo haidumu zaidi ya safari. Mwenye kulinda watoto na asingoje siku mbaya imwonyeshe sura yake ndipo afungue kabati.

Machage alitoka hospitalini Jumatatu, mkono umefungwa plasta. Alivua ufunguo shingoni akauweka mezani. Marieta alifungua kabati, akatoa mche wa sabuni wa mwaka 1983 uliokuwa mgumu kama tofali, akaukata kwa panga, akampa Boke kipande kikubwa afulie gauni lake.