Jini Isiyolevya

"Samahani, dada, jini hii ina pombe?"

Duka kuu lilikuwa limefurika, watu wanagongana kwa vitoroli. Fundi cherehani aligeuka, aproni ya kijani kifuani, futi ikining'inia shingoni, akamwona kijana mrefu mwenye shati la bluu lililopigwa pasi likanyooka, chupa ya kinywaji hicho mkononi. Kumbe wahudumu wa duka nao huvaa kijani! Hakumsahihisha. Kijana alikuwa na macho mazuri, basi.

"Kaka, majini yako kwa waganga. Hapa tunauza vinywaji."

Kijana alicheka, kisha uso ukawa mzito. Yeye ni dereva wa basi la shule, alisema. Pombe ilimharibia nusu ya maisha, ameiacha, lakini toniki tupu, yale maji machungu ya kuchanganyia jini, imemchosha. Fundi akajitia mjuzi, wakasoma lebo bega kwa bega. Hii ina sukari nyingi, na toniki tayari ina yake. Hii ya maua itanukia sabuni. Wakaangukia chupa yenye picha ya jani jeusi, ladha ya uchungu wa maganda ya limau, imeandikwa "bila kilevi".

"Nikiipenda nimpigie nani simu?"

"Mpigie meneja."

"Meneja nitamwambia nini mimi, laazizi?"

"He! Laazizi tangu lini?" Lakini namba akatoa.

Mapenzi yakanoga. Aliyekunja uso ni Shangazi, aliyemlea Fundi tangu utotoni. "Mwanamume asiyegusa glasi ana lake jambo," alikuwa akisema.

Jumapili moja Shangazi aliwaita kwa chakula cha mchana. Fundi alipita dukani mbio mbio, akanyakua chupa ya jani jeusi, na mezani akamchanganyia mpenzi wake kwa barafu na kipande cha limau. Dereva alipiga funda moja. Akainuka, akaenda kutema kwenye sinki.

"Fundi, umenipa nini?"

Shangazi akaangua kicheko. "Tone moja haliui mtu, baba!"

Na Fundi, masikini, kwa woga tu, akacheka naye. Kicheko kile ndicho kilichoharibu mambo.

"Kumbe mlikuwa mnanipima," Dereva alisema taratibu, akatoka.

Fundi aliigeuza chupa. Kampuni ile ile, jani lile lile, ila hii imeandikwa "kilevi kidogo". Mtu asiyekata kitambaa cha mteja bila kupima mara mbili, leo kachukua chupa kwa sura! Alipiga simu ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena, imezimwa. Je, kama yuko baa? Akirudia pombe, nani kamrudisha?

Kesho yake mchana alimkuta kwenye karakana ya mabasi, ameketi nyuma ya usukani, macho mekundu.

"Umekunywa?" Swali lilimtoka kabla ya salamu.

"Niliingia baa." Dereva hakumtazama. "Nikakaa. Mhudumu akaniuliza nataka nini. Nikashindwa kujibu, nikatoka."

Fundi alikaa kwenye ngazi ya basi, akalia bila kujificha. "Sikukupima, mpenzi wangu. Sikusoma. Na kicheko kile kilikuwa cha woga. Nisamehe."

"Mimi naogopa funda moja, Fundi. Unataka mtu wa namna hiyo?"

Kabla Fundi hajajibu, simu yake ikaita. Alikuwa Shangazi, na sauti yake haikuhitaji spika.

"Umempata huyo mlevi wako?"

Fundi alifuta machozi kwa kiganja. "Shangazi, hapa hakuna mlevi. Nipo na mume wangu mtarajiwa."

"Nani?"

"Mkwe wako. Ataongea na wewe sasa hivi, na utamjibu vizuri."

Dereva alikodoa macho. "Umeniposa, au masikio yangu yananidanganya?"

"Shika simu, kipenzi."

Akaipokea kwa mikono miwili. "Shikamoo, Shangazi."

Fundi akashika mkono wa shati lake.

"Marahaba, mwanangu," Shangazi alisema kwa sauti ndogo. "Ile chupa nimeimwaga."