Mlingoti Uliozibwa Masikio

Kila akitoka shule, Chiriku alivua sare, akaosha vyombo, kisha akajifungia chumbani "kutangaza". Jina hilo la utani hakulipata bure. Binti alikuwa na mdomo huyo! Binamu yake alimwachia kidude kidogo cha kurushia matangazo. Ukikichomeka kwenye simu, redio za majirani zinakupata. Mjomba wake, fundi wa mlingoti wa redio uliokuwa nyuma ya nyumba, alimwamuru akirudishe. Wapi! Chiriku aliendelea, na mchana mmoja akahamia masafa mapya yaliyokuwa kimya, akajiambia hapa simsumbui mtu.

Siku hiyo mvua kubwa ilinyesha milimani. Jioni mjomba aliingia sebuleni ameloa chapachapa, akamwita.

"Tangu mchana redio ya bondeni inavuma tu. Kile kidude ulikirudisha?"

"Zamani, mjomba," Chiriku alijibu bila kupepesa macho. Chumbani, nyimbo zilikuwa bado zinarushwa.

"Basi mtambo wa mlingoti umeharibika. Nauzima niufungue, labda kesho utapona."

Simu yake ikaita. Alisikiliza, akamgeukia mama yake Chiriku. "Dada, bwawa limejaa, wanafungua maji sasa hivi! Kituo cha mjini kinatangaza watu wa bondeni wahame, na huku kwetu hakisikiki. Shemeji yuko wapi?"

"Bustanini, kando ya mto," mama alisema. "Kule simu haishiki, na barabara imekatika. Ana redio tu. Jamani, mume wangu!"

Mjomba alikimbilia mlangoni na bisibisi mkononi. Chiriku alimkimbilia. Mtambo ukizimwa, baba amekwisha.

"Mjomba, usizime! Nimekudanganya! Kidude kinawaka chumbani!"

Mjomba aliingia chumbani, akakichomoa kwa mkono mmoja. Redio ya sebuleni ikaacha kuvuma, sauti ya mtangazaji ikatoka safi: "Hameni sasa!"

"Mlingoti wetu unakisikiliza kituo cha mjini kwa antena kubwa, halafu unakirudia bondeni kwa masafa mengine," mjomba alisema akihema. "Pale ulipopaona kimya ndipo unaposikilizia. Ulikuwa unaupigia kelele sikioni, sauti mbili zikagongana, ukabaki mvumo."

Hakuna aliyemgombeza, na hilo lilimuumiza zaidi. Mama alilia kimyakimya. Chiriku alisimama dirishani akiomba, "Baba, njoo. Njoo tu, unichape ukitaka." Mto ulianza kunguruma.

Giza lilikuwa linaingia baba alipotokea, tope hadi kifuani, redio kwapani. Mama alimkumbatia na tope lake lote. Bustani ilikuwa imekwenda na maji.

"Nilishaweka kidole niizime," baba alisema. "Nikaona inamaliza betri bure kwa kuvuma. Ndipo ikasema."

Chiriku alipiga magoti, akaeleza yote. Baba alimwinua.

"Kutojua mambo ya mlingoti si kosa, mwanangu, mjomba wako atakufundisha. Lakini alikuuliza, na ukweli ulikuwa nao. Siku nyingine useme mara ya kwanza."